Mkopo wa Asilimia 10 wa Halmashauri: Mwongozo Kamili wa Kuomba, Kuupata na Kuurejesha

Kila dirisha la mikopo ya halmashauri linapofunguliwa, vikundi vilevile hurudi mikono mitupu. Mara nyingi biashara zao si mbaya. Maombi huanguka kwa sababu zinazojirudia: jina la kitambulisho halilingani na la cheti cha kikundi, akaunti ya benki ina jina jingine, andiko la mradi limenakiliwa steshenari, au kamati ya mikopo inafika eneo la mradi na haioni kitu.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya Tanzania Bara vinavyotaka mkopo huo ili kukuza biashara, na hasa vinavyotaka kununua kifaa kitakachopunguza kuni, mafuta au mali inayoharibika. Usomeni wote kabla ya kuanza kujaza chochote, kwa sababu kosa la hatua ya kwanza huonekana hatua ya saba, wakati dirisha limeshafungwa.

## Mkopo huu ni upi na ni wa nani

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu.

Wanawake na vijana hukopa kwa kikundi cha watu wasiopungua watano. Watu wenye ulemavu wanaweza kuanza na wawili, na mmoja mwenye sifa anaweza kuomba peke yake. Mwanakikundi awe na miaka 18 au zaidi, na asiwe na ajira rasmi. Vijana wana ukomo wa umri wa juu pia. Someni tangazo la halmashauri yenu la mwaka huu, msitegemee lile la zamani lililobaki kwenye simu.

Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ilirejea mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Ndiyo maana uhakiki wa sasa ni mkali kuliko ule ambao shangazi au jirani yenu aliupitia miaka ya nyuma. Ushauri wa "sisi tulijaza fomu tu tukapata" umepitwa na wakati.

Na jambo moja liwe wazi kwa kila mwanachama kabla hajatia saini: hakuna riba, lakini fedha hurudishwa hadi shilingi ya mwisho. Hii si ruzuku. Si zawadi ya kisiasa. Shilingi msiyorudisha ni shilingi ambayo kikundi kingine cha kata yenu hakitaipata.

## Andaeni hivi kwanza

- Namba ya NIDA ya kila mwanachama, na nakala ya kitambulisho kwa wale walio nacho.
- Namba ya simu ya kila mwanachama, iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe.
- Katiba ya kikundi iliyosainiwa na wanachama wote.
- Cheti cha usajili wa kikundi.
- Akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na taarifa ya miamala yake.
- Muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo, wenye kiasi, matumizi na saini za waliohudhuria.
- Andiko la mradi lenye hesabu.
- Profoma, yaani karatasi ya bei inayotolewa kabla ya kununua, kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili kwa kila kifaa kikubwa.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Uthibitisho wa eneo la biashara: mkataba wa pango, au barua ya mwenye kiwanja.
- Vibali vinavyodaiwa na kazi yenyewe. Mama lishe atahitaji vipimo vya afya, msindika vyakula atakutana na Shirika la Viwango, TBS, mwenye dagaa atapita kwa afisa uvuvi.
- Daftari la mauzo na matumizi la miezi mitatu iliyopita, hata kama limeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Hilo la mwisho ndilo linalokosekana zaidi, na ndilo lenye uzito kuliko mengi hapo juu. Kama hamna daftari, anzeni leo, mwombe dirisha lijalo. Miezi mitatu ya kusubiri mkiwa na kumbukumbu ni bora kuliko mwaka wa kubahatisha.

## Hatua ya 1: Pangeni watu, si majina

Chagueni wenzenu kwa swali hili: akishindwa mwezi mmoja, niko tayari kumlipia? Mkopo ni wa kikundi kizima. Mmoja akihama na sehemu yake, deni halihami naye, linabaki kwa waliobaki.

Epukeni kikundi cha ndugu wa nyumba moja. Kamati hukitazama kama mtu mmoja aliyejigawa mara tano, na msiba au ugomvi ukiingia katika familia hiyo, biashara yote inasimama.

Epukeni pia majina ya kujazia idadi. Siku ya uhakiki kila mwanachama anaweza kuulizwa peke yake: mnafanya nini, mnauza wapi, mmeomba shilingi ngapi? Asiyejua anawaangusha wote.

Mmefaulu kama: kila mwanachama anaweza kueleza biashara na kiasi cha mkopo kwa maneno yake mwenyewe, bila kumtazama mwenyekiti.

## Hatua ya 2: Katiba na usajili

Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyu ndiye mtu wenu wa kwanza, na atabaki nanyi hadi rejesho la mwisho, kwa hiyo mjengeeni heshima ya kazi. Mwombeni mfano wa katiba, kisha muuandike upya kwa hali yenu.

Vifungu ambavyo vikundi huviruka, halafu vinawatesa baadaye, ni hivi: mwanachama akifariki deni lake linakuwaje, akitaka kutoka anarudishiwa nini, fedha zinatolewa benki kwa saini za nani, faida inagawanywa lini na kwa uwiano gani, nani anakaa na mali ya kikundi. Andikeni majibu yenu, hata kama ni sentensi moja moja.

Tahadhari moja. Kikundi cha kuweka na kukopeshana, kama VICOBA, kinasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wake una njia yake. Kama ninyi ni VICOBA mnaotaka mkopo wa biashara, mwelezeni afisa hivyo tangu mwanzo. Kuweka akiba peke yake si mradi wa kuombea mkopo huu. Mradi ni kazi ya kuzalisha, kununua na kuuza, au kutoa huduma.

Mmefaulu kama: cheti kipo mkononi, na jina lililoandikwa humo mmelinakili herufi kwa herufi, pamoja na nafasi na vistari. Jina hilo ndilo litakalotumika kila mahali kuanzia sasa.

## Hatua ya 3: Akaunti ya benki

Fungueni akaunti kwa jina lilelile la cheti. "Umoja Wajasiriamali" na "Umoja wa Wajasiriamali" ni majina mawili tofauti kwa mfumo wa malipo.

Watia saini wawe watatu: mwenyekiti, katibu na mhazini. Asiwepo anayeweza kutoa fedha peke yake. Hii si dalili ya kutoaminiana, ni ulinzi wa yule mwenye dhamana, asije akasingiziwa.

Kisha itumieni. Wekeni mauzo ya kila wiki humo, hata yakiwa 30,000. Akaunti iliyofunguliwa wiki moja kabla ya maombi na kukaa na salio la kufungulia haisemi lolote juu yenu. Akaunti yenye miamala midogo ya kila wiki inamwambia msomaji wa maombi kwamba hapa pana biashara.

## Hatua ya 4: Amueni mnanunua nini

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea, nami nawaomba mkae hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Msianze na "tunataka milioni 10". Anzeni na swali: ni kitu gani kinachotuzuia kuuza zaidi kwa sasa? Jibu likiwa ni mtaji wa bidhaa, ombeni mtaji. Likiwa ni mashine, ombeni mashine. Likiwa ni wateja, mkopo hautawaletea wateja. Katafuteni soko kwanza.

Nashauri kwa nguvu mkope kwa ajili ya kazi ambayo tayari mnaifanya. Kikundi cha washonaji kinachoomba mkopo wa kufuga kuku kwa sababu "kuku wanalipa" kinaenda kujifunza kazi mpya kwa fedha za deni.

### Kifaa cha kuokoa nishati au kuzuia hasara

Kuna biashara ambazo uwekezaji unaotunza mazingira ndio huohuo unaoongeza faida. Mama lishe anayehama kutoka mkaa kwenda gesi au jiko sanifu. Wakulima wa bustani wanaoacha pampu ya petroli na kufunga ya jua. Wakaushaji wa dagaa wanaoacha kuanika mchangani na kujenga vichanja. Washonaji wa mifuko mbadala, soko lililofunguka baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo maombi ya namna hii yanaenda upande ambao Serikali yenyewe inaelekea.

Lakini msiandike "mradi wetu unatunza mazingira" mkaishia hapo. Andikeni shilingi. Chukueni mfano huu wa pampu (bei ni za kuonyesha njia tu, zenu mtazipata sokoni):

Pampu ya petroli inakula lita 12 kwa wiki. Kwa 3,000 kwa lita, ni 36,000 kwa wiki. Mkimwagilia wiki 20 kwa mwaka, ni 720,000. Pampu ya jua na paneli zake ni 2,800,000. Gawanyeni: karibu miaka minne ndipo petroli iliyookolewa ilipe bei ya pampu. Kama mkopo ni wa miaka miwili, akiba ya petroli peke yake haitaulipa.

Hesabu hiyo haiwaambii muache. Inawaambia muitumie pampu zaidi. Mkiongeza msimu wa pili, mkamwagilia wiki 40, petroli inayookolewa inafika 1,440,000 kwa mwaka na pampu inajilipa ndani ya miezi 24, bado hamjahesabu mboga za msimu huo wa pili. Sasa mna hoja ya kuiweka mezani.

### Maswali ya kumwuliza muuzaji kabla ya profoma

- Kwa pampu: inapandisha maji mita ngapi kutoka kisimani hadi tangini, na inatoa lita ngapi kwa saa kwa kimo hicho? Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya kimo kidogo.
- Kwa mashine ya kusaga au kukamua alizeti: inatumia umeme wa njia moja au njia tatu? Kununua mashine ya njia tatu mahali penye umeme wa njia moja ni kununua chuma cha kupamba banda.
- Vipuri vinapatikana wapi, na fundi yuko umbali gani?
- Dhamana ni ya miezi mingapi, na iko kwa maandishi?

Ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ya mkoa wenu ni mahali pazuri pa kuuliza haya. Wanazijua mashine ndogo, wanafundisha usindikaji, na barua yao huwasaidia wasindikaji wadogo kupata utaratibu nafuu wa TBS.

Mmefaulu kama: mnaweza kumaliza sentensi hii: "Tunakopa shilingi ___ kununua ___, kwa sababu sasa hivi tunapoteza ___ kila mwezi."

## Hatua ya 5: Andiko la mradi

Kurasa nne hadi sita zinatosha. Waliolipia andiko la kurasa thelathini steshenari hujikuta hawajui kilichomo, na kamati hulitambua mara moja, kwa kuwa limeshaliona likiwa na majina ya vikundi vingine.

Andikeni kwa mpangilio huu: sisi ni nani na tunafanya nini sasa, tunauza nini, kwa nani, kwa bei gani, kinachotuzuia, tunachonunua, hesabu, tutakavyorejesha, mambo yanayoweza kuharibika na tutakavyokabiliana nayo.

Tuchukue mfano wa wanawake watano wanaokausha dagaa kando ya Ziwa Victoria. Wanaanika mchangani, mvua ikinyesha dagaa wanaoza, na hata siku ya jua wanauza kwa bei ya chini kwa sababu ya mchanga. Tarakimu zote ni za mfano.

Tunachoomba:

- Vichanja 20 kwa 120,000: 2,400,000
- Maturubai 10 kwa 45,000: 450,000
- Mizani: 250,000
- Mashine ya kufungia pakiti: 300,000
- Dagaa wabichi wa kuanzia: 2,000,000
- Vifungashio: 400,000
- Dharura: 200,000
- Jumla: 6,000,000

Tuseme mkataba ni wa marejesho 12. Kila mwezi ni 500,000.

Mwezi mzuri: mauzo 3,600,000. Dagaa wabichi 1,900,000, vifungashio 200,000, usafiri 250,000, vibarua 240,000, ushuru na mengineyo 110,000. Matumizi ni 2,700,000, kinabaki 900,000. Wakilipa rejesho wanabaki na 400,000.

Vikundi vingi huishia hapo, wakazidisha mara kumi na mbili na kufurahi. Kamati yenye mtu anayelijua ziwa itauliza: na masika? Na mbalamwezi?

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu uvuvi hupungua sana au husimama. Kwa hiyo mauzo ya mwezi yapangwe kwa siku za giza tu, si siku thelathini. Na masika kukausha ni kwa shida.

Mwezi wa masika: mauzo 2,400,000. Dagaa wabichi 1,350,000, vifungashio 130,000, usafiri 180,000, vibarua 200,000, ushuru na mengineyo 110,000. Matumizi ni 1,970,000, kinabaki 430,000. Rejesho ni 500,000. Pengo ni 70,000.

Kwa miezi mitatu ya masika, pengo ni 210,000. Sasa andikeni suluhisho: "Kila mwezi mzuri tutaweka 100,000 kwenye akaunti ya kikundi bila kuigusa. Baada ya miezi mitatu tutakuwa na 300,000, inayoziba masika yote." Kama mkopo unatoka Februari na masika yanaanza Machi, akiba hiyo haitakuwa imejaa, kwa hiyo ombeni ratiba ya marejesho inayoendana na msimu, au ahirisheni kwanza ununuzi wa mashine ya kufungia pakiti.

Ukurasa huu mmoja wa mwezi mbaya una nguvu kuliko kurasa zote za utangulizi. Unaonyesha kwamba mnaijua kazi yenu hata inapouma. Kila biashara ina masika yake: mama lishe wa jirani na chuo ana likizo, fundi cherehani ana miezi isiyo na harusi wala sare za shule, mfugaji ana kupanda kwa bei ya chakula cha kuku. Utafuteni mwezi wenu mbaya, muuandike.

Onyo: msiongeze bei ili mbaki na chenji. Profoma za wauzaji wawili zitawaumbua, na mkishaonekana waongo kwenye mizani hamtaaminiwa kwenye vichanja.

Mmefaulu kama: jumla ya mahitaji inalingana na kiasi kilichoandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kwenye mfumo, bila tofauti hata ya shilingi mia.

## Hatua ya 6: Kujaza maombi kwenye mfumo

Maombi hujazwa kwa njia ya kielektroniki kwenye mfumo wa TAMISEMI wa mikopo hii. Anwani ya mfumo ichukueni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au kwenye tovuti ya halmashauri yenu. Msifuate kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Wapo matapeli wanaokusanya namba za NIDA kwa njia hiyo.

Kama hamna kompyuta, mwombeni afisa awaelekeze, au mtumie steshenari lakini mwanachama mmoja akae pembeni tangu mwanzo hadi mwisho. Nywila ibaki kwenu. Nyaraka zipigwe picha safi, zisomeke pembe zote nne.

Kabla ya kutuma, someni kwa sauti majina yote mkilinganisha na NIDA. Mwanachama ambaye NIDA inamwita Mwanaidi na kikundi kinamwandika Mwanahidi atakwamisha ombi zima. Kisha hifadhini namba ya ombi na picha ya ukurasa unaothibitisha kwamba limepokelewa.

Msisubiri siku ya mwisho. Mtandao hulemewa, na mtendaji mwenye kazi ya kuthibitisha anaweza kuwa kikaoni wilayani.

## Hatua ya 7: Uhakiki

Ombi hupita ngazi ya kata, halmashauri na uhakiki wa wilaya kabla ya kuidhinishwa. Mtatembelewa. Siku hiyo onyesheni biashara jinsi ilivyo, pamoja na udogo wake. Kuazima mali ya jirani ili banda lionekane limejaa ni kosa linalogunduliwa kwa swali moja tu kwa mtoto anayepita.

Wekeni mezani daftari la mauzo, cheti, katiba na taarifa ya benki. Wanachama wote wawepo. Asiyeweza kufika aandike sababu mapema.

Hakuna mtu wa kulipwa ili jina lipite. Mkiombwa "ya soda", "ya mafuta" au asilimia ya mkopo, hiyo ni rushwa. Simu ya TAKUKURU ni 113, haitozwi. Ninajua ni vigumu kupiga simu hiyo mkiwa na shida ya fedha, lakini mkopo ulioanza kwa kukatwa unaanza na pengo ambalo hesabu zenu hazikulipangia, na mtalirejesha ninyi, si yeye.

## Hatua ya 8: Mafunzo na mkataba

Vikundi vilivyoidhinishwa hupewa mafunzo kabla ya fedha. Nendeni wote, si viongozi tu.

Mkataba usomwe neno kwa neno kikaoni. Tafuteni mambo haya: tarehe ya rejesho la kwanza, kiasi cha kila rejesho, muda wa nafuu kabla ya kuanza kulipa, njia ya kulipia, na hatua zitakazochukuliwa mkichelewa. Tarehe ya rejesho ikiangukia kipindi ambacho hamuuzi, huu ndio wakati wa kusema. Mkishasaini, mlango huo ni mwembamba.

Ulizeni pia fedha zinapita wapi. Serikali ilitangaza halmashauri 10 za majaribio ambako mikopo inatolewa kupitia benki. Kama yenu ni mojawapo, baadhi ya taratibu mtazimalizia benki.

## Hatua ya 9: Fedha zikiingia

Siku hiyohiyo fanyeni kikao, muandike muhtasari. Nunueni kile kilichoandikwa, kwa muuzaji aliyetoa profoma, mchukue risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Kama bei imepanda au kifaa kimekosekana, mjulisheni afisa kwa maandishi kabla ya kununua kingine.

Msigawane. Narudia kwa sababu hapa ndipo mikopo mingi hufa: kikundi kinapokea milioni sita, kila mmoja anachukua milioni moja na laki mbili "akafanye yake", na baada ya miezi miwili hakuna anayejua cha mwenzake. Ada ya mtoto, bati la nyumba, msiba, yote ni mambo ya kweli, na hayana mauzo ya kulipa rejesho.

Kifaa kikifika, kipigeni picha, andikeni namba yake kwenye daftari la mali, na kijaribuni mbele ya muuzaji kabla hajaondoka.

## Hatua ya 10: Marejesho

Marejesho hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na halmashauri. Usimpe mtu fedha taslimu mkononi, awe afisa au kiongozi wenu. Kila risiti ibandikwe kwenye daftari.

Tengeni fedha ya rejesho kila wiki, msingoje mwisho wa mwezi. Kwa kikundi cha dagaa, 500,000 ya mwezi inagawanywa kwa wiki tatu za giza, takriban 167,000 kila wiki. Wiki ya mbalamwezi hakuna kinachodaiwa.

Mkiona rejesho halitatimia, nendeni kwa afisa kabla ya tarehe, mkiwa na daftari na kiasi mlichonacho. Lipeni hicho. Kikundi kinachokuja na laki tatu na maelezo hutendewa tofauti na kinachozima simu. Na mkimaliza, ombeni uthibitisho wa maandishi kwamba hamdaiwi, muuweke pamoja na cheti cha usajili. Mtauhitaji mkiomba awamu kubwa zaidi.

## Ombi likikataliwa

Ombeni sababu kwa maandishi, kisha mtofautishe. Sababu ya nyaraka inarekebishwa ndani ya wiki. Sababu ya mradi inawarudisha hatua ya 4. Sababu ya fedha kutotosha haina kosa lenu: halmashauri hutenga kutokana na inachokusanya, na yenye makusanyo madogo hufikia vikundi vichache kila awamu. Hapo endeleeni kuweka mauzo benki na kusasisha bei, mwe tayari dirisha jingine likifunguka.

## Kama hamna sifa za mkopo huu

Mwanamume aliyevuka umri wa vijana, au mtu anayetaka kukopa peke yake bila kikundi, bado ana njia zenye mkono wa Serikali.

Benki Kuu ya Tanzania inaendesha mfuko wa dhamana kwa biashara ndogo na za kati, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo. PASS, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Denmark, hudhamini mikopo ya kilimo. Mifuko hii ya dhamana haiwapi fedha mkononi: benki ndiyo inayokopesha, kwa riba, na mfuko unabeba sehemu ya hasara mkishindwa. Deni linabaki kuwa lenu. Swali la kumwuliza afisa mikopo wa benki ni fupi: "Dhamana yangu haitoshi, je, benki yenu inatumia mfuko wa dhamana wa Serikali kwa biashara kama yangu?" Wengine hawataji mpaka waulizwe. Mfuko wa SELF nao hukopesha wajasiriamali wadogo, wa mijini na vijijini.

Walioko Zanzibar wana utaratibu wao kupitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA. Sheria ya asilimia 10 niliyoieleza hapa ni ya Bara. Hatua za 4 na 5 zitawafaa vilevile, kwa sababu kila mkopeshaji, wa Serikali au wa benki, huuliza mnanunua nini na mwezi mbaya mtalipa kwa kipi.